Namna ya Kutambua Kinachosukuma Maji Ndani ya Udongo wa Mfinyanzi

Udongo mweusi wa mbuga za Tabora unafaa kuonyesha kwamba maji yaliyomo katika matundu madogo yenye chaji husukumwa na tofauti ya mgandamizo, ya ukolezi wa chumvi au ya volti. Kazi ya jaribio ni kuzitenganisha nguvu hizo, kwani zikifanya kazi kwa pamoja huwezi kujua ni ipi iliyoyasogeza maji.

Pinda bomba angavu la plastiki liwe na umbo la U, kisha shindilia ndani yake, kwenye sehemu ya chini iliyopinda, udongo uliokandwa vizuri, bila kuacha upenyo kandokando. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi hasa. Mimina maji ya mvua pande zote kwa kimo kimoja, uyaache usiku kucha udongo unywe, kisha usawazishe tena.

Tumbukiza kiini cha penseli kila upande, karibu na udongo, uunganishe betri ya volti 9. (Msumari wa chuma huliwa upande chanya.) Baada ya saa kadhaa, maji hupanda upande hasi. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo hukusanya kando yake ayoni chanya (atomi zenye chaji ya umeme), kama za sodiamu na kalisi, ambazo zikivutwa na umeme huyakokota maji. Mwanasayansi Reuss alilieleza jambo hili huko Moscow mwaka 1809. Geuza nyaya: mwelekeo usipogeuka, shuku uvujaji.

Kimo kikishapanda, huzaa mgandamizo unaoyarudisha maji, na kupanda hukoma nguvu hizo mbili zinapolingana, hata kama betri bado ni nzima. Ukirudia kwa mchanga, tofauti ya kimo karibu haionekani, kwa sababu matundu mapana huyaruhusu maji kurudi kwa urahisi.

Sasa tenganisha betri, uweke maji mapya, na utie chumvi ya Uvinza upande mmoja tu. Maji huvutwa kuelekea kwenye chumvi, lakini kwa unyonge na kwa muda, kwa kuwa mfinyanzi huipitisha chumvi yenyewe; kwa hiyo pima mapema.

Mwisho, tia gramu 6 za chumvi kwa kila lita pande zote mbili na urudishe betri, ukiwa nje penye hewa, kwani upande chanya unaweza kutoa klorini. Mkondo wa umeme utaongezeka ilhali maji yakisogea kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu katika ukolezi huo tabaka la ayoni hubanwa hadi nanomita 1 hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita), wakati katika maji yenye chumvi pungufu mara mia hufikia nanomita 10.