Namna ya Kusimulia Habari za Bibi Salme na Jamaa Zake

Wasimulizi wengi wa Bibi Salme wa Unguja hukimbilia mfanyabiashara wa Kijerumani aliyemwoa mwaka 1867, hali ya kuwa mambo mazito ya maisha yake yalimkuta kwa nduguze, naye hajatimiza miaka 16.

Usiuchore ukoo huo kuanzia kwa baba. Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja na baba yake Salme, alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria, na mchoro wa namna hiyo utajaa majina bila ya kueleza chochote. Wapange kwa mama zao. Jilfidan, mama yake Salme, na Sara, mama yake Majid, walikuwa Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, waliopendana na kuahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamlelea wanawe. Sara akatangulia, na Salme akakulia pamoja na Majid katika kasri la Beit al-Watoro, ambako kaka yake huyo alimfundisha kutumia upanga na bunduki. Nimeandika kaka, wala si kaka wa kambo, kwa sababu hao ni ndugu wa baba mmoja. Na usiwaite wana wa nje, kwani kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni huru na hurithi kama mtoto wa mke wa ndoa.

Kisha simama kwenye mfupa wa bega la ngamia. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, lakini Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa huo uliotumika kama ubao. Bila ya mfupa huo, msikilizaji hataelewa kwa nini mwaka 1859, ndugu yao Barghash alipotaka kumpindua Majid, aliyekuwa Sultani wa Unguja baada ya baba yao, msichana wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia wapinzani barua zao.

Usimpe sababu ya kisiasa. Mama yake alikuwa amekufa kwa kipindupindu mwaka uo huo, na aliyemvuta ni dada yake Khole, ambaye Salme alimpenda kuliko alivyoweza kumkatalia. Uasi ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid hakumwadhibu dada yake.

Malizia na nyumba ya Bububu. Majid alimwomba Salme amwachie balozi wa Uingereza nyumba hiyo ya pwani, naye, kwa kuona haya ya yaliyopita, akakubali. Khole alipopata habari, akamkatia udugu.