Namna ya Kupanga Safari ya Mashua ya Mume na Mke kutoka Lamu hadi Pate

Mume na mke wanaotaka kuitembelea miji ya kale ya visiwa vya Lamu na papo hapo kuwazuru jamaa zao waanze kupanga kwa kutazama mwezi, kisha ndipo watafute chombo. Mkondo wa Takwa, kisiwani Manda, na ule wa Siyu, kisiwani Pate, hupita katikati ya mikoko na hukauka maji yanapokupwa, hata mashua ndogo ikakwama topeni kwa saa nyingi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena kama saa kumi alasiri. Kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua mbili, kujaa kwenyewe huwa kudogo, na nahodha anaweza kukataa kuingia. Akikataa, msimshurutishe.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, ambao huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, chombo cha tanga hwenda Pate kwa wepesi lakini hurudi kwa taabu, na wakati wa kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Kwa wasiozoea bahari, napendekeza miezi ya kaskazi, na mashua yenye tanga pamoja na injini. Kabla ya kulipa arubuni, hakikisheni kuna jaketi za kujiokolea kwa kila abiria, maji ya kunywa ya kutosha na upondo wa kusukumia chombo penye kina kifupi. Ulizeni pia bandarini kuhusu masharti ya kusafiri usiku, kwa kuwa yamewahi kubadilika kutokana na hali ya usalama.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, ndiyo iwe hatua ya kwanza kwa sababu iko karibu na Lamu. Tiketi na maelezo hupatikana kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo yana ofisi mjini Lamu. Mji huu uliachwa katika karne ya 17, na watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, huutaja kuwa ndiyo asili ya wazee wao. Kwa hiyo mkiwa na jamaa Shela, mwombeni mmoja wao afuatane nanyi. Msikiti wenye mnara juu ya kibla na kaburi la mnara lililo nje ya ukuta huonekana kwa namna nyingine kabisa mtu akielezwa na anayezuru hapo kwa dua, si kwa kupiga picha tu. Ingieni maji yanapokaribia kujaa, na mtoke kabla hayajapungua sana.

Kutoka hapo, vyombo hupita Mkanda, mkondo ulio kati ya Manda na bara, kisha huvuka hadi Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate. Jamaa wapelekewe habari mapema, nao waelezwe kwamba mtafika na maji. Watu wa visiwani wataijua saa wenyewe. Ulizeni katika salamu hizo hizo kama kuna msiba, kwa sababu ukiwapo, nyumba ya kwanza kuingia ni ya wafiwa, hata kama mlialikwa kwingine. Kama hakuna, anzeni kwa mkubwa wa ukoo, awe wa upande wa mume au wa mke, kisha ndipo muwaendee mashemeji na mawifi. Mchele, sukari na majani ya chai ni zawadi zinazofaa, nazo zifungwe vizuri dhidi ya maji ya chumvi.

Katika nyumba nyingi mume atakaribishwa barazani, na mke ataingia ndani. Jambo hili lisiwasikitishe. Mke ndiye atakayeona vidaka vya ukutani na kusikia nasaba za upande wa kina mama, na mume atasikia habari za vyombo na bandari. Jioni kila mmoja amsimulie mwenzake. Mavazi yawe ya stara, na mipango ya Ijumaa isigongane na sala.

Magofu ya mji wa Pate yamo ndani ya mashamba, mengine ya tumbaku, na mashamba hayo yana wenyewe, kwa hiyo ingieni pamoja na mwenyeji. Siyu ipewe siku nzima. Ngome yake inatazama mkondo, na katika miaka ya 1840 jeshi la Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, lilishindwa na watu wa mji huu chini ya Bwana Mataka. Mwenye miguu mizuri anaweza kutembea hadi Shanga, ambako uchimbaji wa miaka ya 1980 ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8.

Wekeni siku moja ya akiba kabla ya kurudi Lamu, na mkubaliane na nahodha tangu mwanzo juu ya malipo ya siku hiyo pamoja na chakula cha mabaharia, ili upepo ukiwazuia, asiwepo mtu wa kulazimika kutweka tanga kwa kuhofia hasara.