Programu ya Kutunza Maneno ya Siri: Lini Ulipie na Lini Ubaki na ya Bure

Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache huko Jambiani ana akaunti ya Booking.com, ya Airbnb, ya barua pepe, ya Instagram na ya benki, na mara nyingi zote hufunguliwa kwa neno moja la siri ambalo mpokeaji wageni, mhasibu na kijana aliyeacha kazi mwaka jana wote wanalijua. Mtu kama huyu anahitaji programu ya kutunza maneno ya siri, na jambo la kwanza analouliza ni kama alipie au achukue ya bure. Kwa maoni yangu, watu wengi wa Unguja na Pemba wanatoshelezwa na ya bure iliyo nzuri, na sababu ya kweli ya kulipa huanza pale maneno ya siri yanapotumiwa na watu kadhaa.

Fahamu kwanza kinacholipiwa. Programu nzuri huyasimba maneno yako, yaani huyageuza yasisomeke bila ya ufunguo, ndani ya simu au kompyuta yako kabla hayajapelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoyahifadhi, na ufunguo wa kuyasimbua hutokana na neno kuu la siri unalolijua wewe peke yako, kwa hiyo hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Usimbaji huo kwa kawaida ni uleule kwa anayelipa na asiyelipa katika kampuni moja. Watu husema rahisi ghali, lakini katika jambo hili ada hununua huduma za ziada, haimnunulii mtu kufuli jingine.

Kwa hiyo soma kwa makini mipaka ya toleo la bure. Programu ya LastPass iliwaruhusu watumiaji wa bure kutumia vifaa vyao vyote hadi Machi 2021, ilipowataka wachague ama simu ama kompyuta. Dashlane iliweka kikomo cha maneno 25 kwenye kifaa kimoja, kisha mwaka 2025 ikaliondoa toleo la bure kabisa. 1Password haina toleo la bure ila muda wa majaribio. Bitwarden, kwa upande wake, hukuruhusu kuhifadhi maneno yasiyo na kikomo kwenye vifaa vyote bila malipo, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, uko wazi kwa kila mtaalamu anayetaka kuukagua. Kwa kuwa masharti hubadilika, usichague programu yoyote isiyokuruhusu kuyatoa maneno yako yote na kuyahamishia kwingine siku utakayotaka.

Asiwepo wa kukuambia kwamba kulipa ni kinga. Mwaka 2022 wadukuzi waliiba nakala za hifadhi za maneno ya siri ya wateja wa LastPass, wa bure na wa kulipia, na kampuni ikawatangazia wateja wake mwezi Disemba mwaka huohuo. Maneno ya siri yalikuwa yamesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa, hivyo mwizi aliweza kuona ni nani ana akaunti wapi. Aliyekuwa na neno kuu refu na gumu alibaki na ulinzi wa kutosha, na aliyekuwa na neno fupi alikuwa hatarini kwa sababu mwizi mwenye nakala hukisia usiku na mchana bila ya mtu wa kumzuia. Hapo ndipo ulinzi wako ulipo hasa, na hapo hapahitaji hata shilingi moja.

Kwa mwalimu wa skuli Micheweni ambaye mtandao wake hukatika mara kwa mara, au kwa yeyote asiyetaka siri zake ziwe kwenye seva ya mtu mwingine, ipo KeePass, programu huria ya bure iliyoanza mwaka 2003. Maneno yote hukaa katika faili moja lililosimbwa ndani ya kifaa chako. Gharama yake ni uangalifu: nakala unaibeba mwenyewe, na faili likipotea hakuna wa kumwomba.

Hifadhi ya maneno ya siri ya Google iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome inamfaa mwenye simu moja ya Android iliyofungwa vizuri. Haifai kabisa kwa kompyuta ya mapokezi, kwani yeyote anayekaa mezani huingia kwenye akaunti bila ya kuulizwa chochote.

Sasa, lini ulipie? Bitwarden ya bure huruhusu watu wawili kugawana maneno, na mume na mke wanatoshelezwa na hilo. Hoteli yenye wafanyakazi watano haitoshelezwi. Inahitaji mpango ambao kila mmoja ana akaunti yake na hupewa yale tu anayoyatumia, na anapoondoka anaondolewa, kisha maneno aliyoyajua yanabadilishwa. Jambo la pili linalostahili fedha ni ruhusa ya dharura: unamteua mtu unayemwamini, naye akiomba kufungua hifadhi yako na wewe usipokataa ndani ya siku ulizoziweka, hufunguliwa. Familia nyingi hupata taabu baada ya msiba kwa sababu marehemu pekee ndiye aliyejua njia ya kuingia, na mimi naliona hili kuwa jambo zito kuliko huduma nyingine zote zinazotangazwa.

Kabla ya kulipa, hakikisha kadi yako inakubali malipo ya dola ya kila mwaka, kisha uliza kitakachotokea malipo yakikwama. Katika Bitwarden unarudi kwenye toleo la bure na maneno yako yanabaki. Katika 1Password unaweza kuyaona na kuyatoa, lakini huwezi kuongeza wala kuhariri.

Ukishaamua, tunga neno kuu kwa maneno matano au sita yasiyohusiana, uliyoyapata kwa kufungua kamusi popote bila ya kuchagua. Usitumie methali, aya wala mstari wa taarabu, kwa kuwa maneno yanayojulikana na wengi hukisiwa mapema. Liandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati za nyumba. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya neno kuu, na msimbo wa kujiokoa, unaokuingiza ukikosa ule wa pili, uutie kwenye karatasi hiyohiyo. Hamisha maneno kutoka kwenye kivinjari, kisha lifute faili ulilolitumia kuyahamisha, maana ndani yake kila kitu kinasomeka wazi. Badilisha kwanza neno la barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo, halafu la benki. Kabla ya kuyaondoa maneno yaliyomo kwenye kivinjari, toka kwenye programu na uingie upya kwa kifaa kingine, ukiliandika neno kuu bila ya kutazama karatasi.