Jinsi ya Kumwombea Mwenzi Wako wa Ndoa Kadi ya Kijani ya Marekani, Kwa Wakili au Bila Wakili

Mke wangu alitua Minneapolis miezi minane baada ya wakati ambao angalikuwa amekwisha kufika, lau ningalisoma kwa makini ukurasa mmoja wa maelekezo ya fomu I-864, hati ya udhamini wa kifedha. Mwongozo huu ninamwandikia raia wa Marekani ambaye mume au mke wake yuko Kenya, na ukurasa huo ndio nitakaokaa nao zaidi kuliko hatua nyingine zote.

Mlango wa kwanza ni ombi la I-130, la kuthibitisha kwamba huyo ni mwenzi wako wa ndoa, likiambatana na I-130A yenye maelezo ya mwenzi wako. Ada ni dola 625 ukituma kwa mtandao, na dola 675 ukituma kwa karatasi. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa serikalini. Ndoa ya kimila nayo husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Ikiwa mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kabla, hati ya talaka au ya kifo ni ya lazima. Katika kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli, taarifa za M-Pesa za miaka miwili, tiketi za safari na picha chache za familia zote mbili zina uzito kuliko mamia ya picha za harusi ya siku moja. Jumbe za Kiswahili mnazoziwasilisha zitafsiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri atie sahihi kuthibitisha kwamba anaimudu kazi hiyo na kwamba tafsiri ni kamili.

USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani inayopokea ombi hilo, ikiridhia, faili huhamia NVC, kituo cha taifa cha viza, ambako utalipa dola 325 za maombi ya viza na dola 120 za kukaguliwa kwa hati za udhamini. Mwenzi wako atajaza DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, inayomtaka aorodheshe kila mahali alipoishi tangu alipotimiza miaka 16. Cheti cha maadili mema cha Kenya huombwa kupitia eCitizen, kisha alama za vidole huchukuliwa, na watu wengi hukipata bila shida. Lakini ikiwa aliwahi kufanya kazi Ghuba kwa muda wa miezi 12 au zaidi, kama mke wangu aliyekuwa Doha, atahitaji pia cheti cha polisi cha nchi hiyo. Anzeni kukitafuta siku ile ile mnapotuma I-130, kwa sababu kukifuatilia kutoka Mombasa huchukua muda mrefu.

Sasa tuje kwenye I-864. Hii ni hati ya udhamini ambayo kwayo unaahidi kisheria kwamba mgeni wako hataishi chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachowekwa na serikali kuu. Kiwango hicho hutegemea idadi ya watu katika kaya, na neno kaya katika fomu hii halina maana tunayoijua nyumbani. Unajihesabu wewe, mwenzi unayemwomba, watoto wako wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, watu wengine unaowatunza kwa mujibu wa marejesho yako ya kodi, na kila mtu uliyewahi kumdhamini kwa I-864 ambaye udhamini wake haujakoma, hata kama haishi nawe. Mwaka 2021 nilimdhamini mama yangu, ambaye leo anaishi kwa dada yangu katika jimbo jingine. Mimi, mke wangu na binti yangu tulikuwa watu 3, ambao kwa viwango vya 2025 walihitaji dola 33,312 kwa mwaka, nami nilikuwa na dola 36,000. Mama alipohesabiwa tukawa watu 4, na kiwango kikawa dola 40,187.

Mtu niliyemlipa anijazie fomu hakuniuliza swali hilo, nami sikulijua. Faili lilipita NVC, na kosa likaonekana siku ya mahojiano Nairobi, ambapo mke wangu alipewa karatasi ya kifungu 221(g), yaani viza imezuiwa hadi kinachokosekana kiletwe, inayodai mdhamini mwenza. Afisa alikuwa na haki. Mdhamini mwenza anaweza kuwa raia au mwenye kadi ya kijani, awe na miaka 18 au zaidi, aishi Marekani, na si lazima awe ndugu. Kumpata ndiko kulikotuchelewesha, kwa kuwa dhamana hii haikomi kwa talaka. Humfunga mdhamini hadi mgeni apate uraia, au ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi (takriban miaka 10), au aondoke nchini kabisa, au afariki. Mweleze hayo yote kabla hajatia sahihi. Tulipompata, vipimo vya daktari vilikuwa vimekwisha muda, na mke wangu akalazimika kuvirudia na kuvilipia upya.

Je, wakili anahitajika? Ikiwa ndoa yenu ni ya kwanza, kipato kinatosha na mwenzi wako hana historia ya matatizo ya uhamiaji, mnaweza kuikamilisha kazi hii wenyewe kwa kusoma maelekezo ya kila fomu mstari kwa mstari. Ikiwa aliwahi kukaa Marekani baada ya muda wake kwisha, kufukuzwa, kukamatwa na polisi au kutoa maelezo tofauti katika ombi la viza la zamani, lipa wakili kabla ya kutuma karatasi yoyote. Usifanye nililolifanya mimi, yaani kumlipa mtu wa kati asiye wakili. Sheria inawaruhusu mawakili na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria pekee kutoa ushauri wa uhamiaji, nao huweka majina yao kwenye fomu G-28, inayowatambulisha kama wawakilishi wako. Anayekataa kuijaza hiyo hatawajibika mambo yatakapoharibika.

Kabla ya mahojiano, hakikisheni kwamba hakuna amri ya rais inayogusa uraia wa mwenzi wako. Viza ikitoka, lipeni dola 235 za kutengenezewa kadi. Ikiwa siku ya kuingia ndoa haijatimiza miaka 2, kadi itakuwa ya masharti na ya miaka 2 tu, na fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, itatumwa ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Tarehe hiyo tumeibandika ukutani jikoni.