Ozoni ya mtaani: ipunguze ukianzia kwenye gari lako

Gesi ya ozoni iliyo juu kabisa angani hutukinga na jua. Hii ya chini tunayoivuta huwasha koo, hubana kifua na kumtesa mwenye pumu. Haitoki moja kwa moja kwenye ekzosi. Jua kali huupika moshi wa magari pamoja na mvuke wa petroli, thina na rangi, ndiyo maana huzidi mchana na alasiri. Mimi ni fundi gereji Dar es Salaam, kwa hiyo naanza na gari.

Hatua ya 1: Jaza mafuta jioni. Mvuke unaotoka asubuhi una mchana mzima wa kupikwa na jua. Pampu ikikata yenyewe, mwambie mhudumu aishie hapo. Ile ya "ongeza ifike elfu hamsini kamili" ndiyo inayomwaga.

Hatua ya 2: Kagua kifuniko cha tangi. Raba iliyopasuka hupitisha mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Na wewe wa bodaboda uliyeziba tangi kwa mfuko wa nailoni, nunua kifuniko.

Hatua ya 3: Usiuze masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi (catalytic converter). Hapa nakaa kidogo. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja nayo kwenye ekzosi, na ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndicho wanachokifuata wanunuzi. Watakwambia gari litakuwa jepesi. Masega mazima hayalizuii gari. Yaliyoziba ndiyo yanayolibana, na mara nyingi huziba kwa sababu injini inakula oili au plagi haichomi. Tibu hilo kwanza. Ukiyatoa, oksidi za naitrojeni na petroli isiyoungua hutoka mbichi, na ozoni hutengenezwa na hivyo hivyo viwili.

Hatua ya 4: Taa ya injini ikiwaka, pima kwa mashine, usiibandike utepe. Kagua plagi, ea klina na sensa ya oksijeni.

Hatua ya 5: Punguza safari fupi. Masega hufanya kazi yakishapata moto, hivyo kwenda dukani na gari lililolala ni uchafu mtupu. Tembea, au maliza shughuli zote kwa mzunguko mmoja. Panapopita mwendokasi, panda.

Hatua ya 6: Funika kopo la thina kila unapomaliza kumimina. Ukutani tumia rangi ya maji. Taka za uani mpe mzoa taka, usizichome.