Kupima Mabaki ya Piretroidi katika Mkojo

Permethrini, deltamethrini na viuatilifu vingine vya jamii ya piretroidi, ambavyo hutiwa kwenye vyandarua na dawa za mbu, havidumu mwilini; ini huvivunja, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Kwa hiyo hatutafuti dawa yenyewe bali zao lake, asidi ya 3-fenoksibenzoiki, au kwa kifupi 3-PBA.

Hatua ya 1. Kusanya mkojo wa kwanza wa asubuhi katika chupa ya polipropilini. Mhusika anawe mikono kwanza, kwa kuwa aliyetoka kukunja chandarua ana dawa vidoleni. Gandisha sampuli siku hiyohiyo kwa nyuzi −20 au chini zaidi.

Hatua ya 2. Iyeyushe, itikise, upime mililita 2, kisha utie papo hapo kiwango cha ndani, yaani kiasi kinachojulikana cha 3-PBA yenye atomi 6 za kaboni-13, kaboni nzito kidogo inayoitofautisha na 3-PBA ya mkojo. Kitiwe kabla ya kitu kingine chochote, ili kila kitakachopotea njiani kipotee kwa uwiano uleule.

Hatua ya 3. Ongeza bafa ya asetati (mmumunyo unaoshikilia kiwango cha asidi) yenye pH ya 5 hivi na kimeng'enya cha beta-glukuronidasi, uache katika nyuzi 37 usiku kucha. Mimi huanza saa kumi na moja jioni na kutoa saa nne asubuhi. Ukiruka hatua hii utapima 3-PBA iliyo huru peke yake, na ile ambayo mwili umeifungamanisha na asidi ya glukuroniki, ambayo kimeng'enya hiki huiachanisha, haitaonekana.

Hatua ya 4. Pitisha kwenye katriji, yaani kijichujio kinachonasa 3-PBA, iliyoloweshwa kwa methanoli na maji, ioshe, toa 3-PBA kwa methanoli, kisha kausha taratibu kwa nitrojeni.

Hatua ya 5. Katika kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa ya masi ya hatua mbili, kwa ayoni hasi, fuatilia 213 kwenda 93 (masi ya ayoni nzima, kisha ya kipande chake baada ya kuvunjwa), na kwa kiwango cha ndani 219 kwenda 99.

Mashine, hata hivyo, si mahali ambapo kazi huharibikia. Kila kundi la sampuli liwe na sampuli tupu ya maji iliyopitia hatua zote. Tuliwahi kuona kilele (alama ya mashine) cha 3-PBA ndani ya maji matupu, tukabadilisha maji, katriji na kimeng'enya, kimoja baada ya kingine, hadi chupa ya bafa ilipobainika kuwa ndiyo mkosaji. Wala usitengeneze mstari wa vipimo, yaani sampuli za viwango vinavyojulikana za kulinganishia, kwa mkojo wa wafanyakazi wenzako ukiudhani hauna kitu, kwani nao hulala ndani ya vyandarua. Mkojo wa kutengenezwa maabara ni salama zaidi.

Mwisho pima kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayoonyesha mkojo umekolea kiasi gani. Sampuli iliyo nje ya gramu 0.3 hadi 3.0 kwa lita imezimuliwa mno au imekolea mno, na ni bora kuomba nyingine. Katika ripoti usiandike "permethrini", kwa sababu 3-PBA hutokana na piretroidi nyingi, na nyingine huingia mwilini na chakula ikiwa imekwisha kuvunjika.