Her Story: jinsi ya kutafuta ukweli neno kwa neno

Ukifungua Her Story, mchezo wa video alioutunga Sam Barlow na uliotoka mwaka 2015, unakuta skrini ya kompyuta kuukuu ya polisi. Neno MURDER limeshaandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Tafuta: vinatoka vipande 4 vya video, na katika vyote yumo mwanamke mmoja, Hannah, anayehojiwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 1994. Mumewe, Simon, ametoweka. Mahojiano yalikuwa 7, yakakatwakatwa kuwa vipande 271, na kazi yako ni kuvifikia kwa kuandika maneno.

Kabla ya yote soma mafaili ya maelezo yaliyoko kwenye skrini, kwa sababu yanaeleza kanuni inayowakwamisha wengi. Kompyuta hutafuta maneno aliyoyatamka mwanamke tu. Maswali ya wapelelezi hayamo, kwa hiyo ukiandika neno ambalo pengine mpelelezi ndiye aliyelitumia, utarudi mikono mitupu. Na maneno lazima yawe ya Kiingereza, jinsi yeye anavyoyasema. Jaribu umoja na wingi, jaribu kitendo cha sasa na kilichopita. Matamshi yake yakikupiga chenga, washa maandishi ya chini kwenye mipangilio. Tahajia ikikosewa kwa herufi moja tu, hupati kitu.

Kikwazo kikubwa ni hiki: hata neno likipatikana kwenye vipande 40, unaruhusiwa kufungua 5 vya mwanzo tu, navyo hupangwa kwa tarehe. Andika "Simon" uone. Idadi inayotajwa ni kubwa, lakini unachopewa ni maneno ya siku za mwanzo, wakati mwanamke bado anachunga ulimi. Mahojiano ya mwisho, yenye uzito, yamefichwa nyuma ya foleni hiyo. Ndiyo maana neno la kawaida halikusaidii sana. Kamata neno adimu: jina la mtu mpya, la mahali, la kifaa, la chakula, la hadithi aliyoitaja akapita. Ukikosa, unganisha maneno mawili ili foleni ifupike, kwa mfano "Simon" pamoja na neno la ugomvi au la familia. Neno lililoleta vipande 3 lina thamani kuliko lililoleta 60, maana hivyo 3 unaviona vyote.

Weka daftari la karatasi pembeni. Ligawe kurasa 7, moja kwa kila siku ya mahojiano, kwani kila kipande kina tarehe na saa. Andika alichosema, halafu andika ulichokiona: nguo, nywele, mikono, kilichoko mezani, jinsi anavyokaa. Tofauti ndogo kati ya siku na siku ni ushahidi kamili, na mchezaji anayesikiliza tu bila kutazama atapishana nao. Pembeni tengeneza orodha ya maneno ambayo bado hujayatafuta. Kipande kimoja cha nusu dakika kinaweza kukupa sita. Usikimbilie neno jipya kabla kipande hakijaisha, kwani mara nyingi jambo la maana huja mwishoni.

Unaweza pia kukibandika kila kipande lebo yako, nayo lebo hutafutika kama neno lolote. Tumia Kiswahili hapo: "uongo", "rudia", "wimbo". Haitachanganyika na maneno yake.

Baadhi ya majibu ni mafupi mno, ndiyo au hapana. Usiyadharau. Yapange kwa saa, kisha jaribu kukisia swali lililoulizwa.

Ukishaona vipande muhimu, dirisha la mazungumzo hufunguka na mtu anakuuliza kama umemaliza. Hakuna haraka. Jibu ndiyo pale tu unapoweza kueleza nani alifanya nini na kwa nini. Baada ya hapo unapewa amri za kuandika kwenye kisanduku kilekile, ambazo hulegeza ule ukomo wa vipande 5. Kujua umebakiza wapi, fungua kikaguzi cha hifadhidata: vimraba vyake hubadilika rangi kwa kila kipande ulichotazama. Na kwa vile visivyo na maneno kabisa, andika BLANK.